Sijala, Nimekunywa Chai Tu

Mtu akikwambia hajala, usiandike kwanza. Weka kalamu chini, mtazame, halafu muulize: umeweka nini mdomoni tangu ulipoamka? Swali hilo ndilo lililonilisha miaka yote niliyofanya kazi ya maabara hapa Mpanda, na ndilo lililonipa jina. Mpaka leo nikipita sokoni watoto wa watu wananisalimia, "Shikamoo, Mama Umekula." Jina langu la ubatizo ni Skolastika, nilibatizwa Karema, lakini sidhani kama kuna anayelikumbuka zaidi ya paroko.

Nyie mnaotoka vyuoni na makoti yenu meupe nawapenda, ila mna haraka. Mwezi wangu wa mwisho kazini nilimsikia mmoja wenu akimuuliza bibi kizee, "Bibi, upo fasting?" Bibi akajibu, "Hapana mwanangu, mimi wa Sibwesa." Kijana akaandika hapana, akamwambia arudi kesho. Bibi wa watu akaondoka na nauli yake imekwenda na njaa yake tumboni, maana alikuwa hajaonja kitu tangu jana yake jioni. Nilimkimbilia mpaka getini nikamrudisha. Kijana akacheka, na mimi nikacheka, lakini baadaye nilimfinya sikio.

Ukimuuliza kwa Kiswahili nako kuna mitego. Kwetu huku kula ni ugali. Kama ugali haujashuka tumboni, mtu hajala, hata kama ameshiba mpaka anapumua kwa shida. Mzee mmoja wa Kisukuma aliniapia kwamba hajala tangu jana, na huku mfuko wa shati lake umejaa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa. Nikamuonyesha mfuko. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. "Hivi ni vya kutafuna tu, mama." Mvuvi wa kwetu Karema alikula migebuka mizima asubuhi, akasema hajala kwa sababu mkewe alikuwa hajasonga ugali. Mwingine wa Litapunga, mrina asali, sukari yake ilipanda mpaka nikadhani mashine imeharibika. Nikambana. Akakiri kwamba alilamba asali kidogo, ya kikohozi. Nikamwambia umekula. Akasema, "Asali si chakula, ni dawa, muulize mtu yeyote."

Na chai ndiyo usiseme. "Sijala, nimekunywa chai tu." Hilo nimelisikia zaidi ya Baba Yetu. Chai yenyewe ina sukari vijiko mpaka kijiko kinasimama, na maandazi yake pembeni, lakini ni chai. Mtu anayekunywa chai anakunywa, hali. Kiswahili kiko upande wake, utabishana naye vipi?

Mwalimu wangu wa kazi, marehemu Mzee Lukas, ndiye aliyenifundisha kuuliza habari ya mdomo badala ya habari ya kula. Yeye alianza kazi wakati sukari inatafutwa kwenye mkojo. Unatia matone ya mkojo kwenye dawa ya bluu, unachemsha kwenye taa ya spiriti, unangoja rangi. Ikibaki bluu, hakuna kitu. Ikienda kijani, wasiwasi. Njano, hatari. Ikifika rangi ya matofali, unamuita mganga mkuu. Alikuwa akisema wagonjwa wengine hawana haja hata ya taa, sisimizi wa chooni wameshawapima. Mimi nilimkuta na taa yake, nikaja kushika mashine za vidole zile ndogo, damu tone moja, unahesabu kidogo, jibu hili hapa. Nilijiona nimefika. Nilijua kwamba mtu asipokula, sukari yake haidanganyi. Ikiwa nzuri, mtu ni mzima, aende nyumbani kwa amani. Nimewaambia watu wengi hivyo, kwa sauti kubwa na tabasamu.

Sasa nisikilizeni. Maana hiyo sukari niliyokuwa naijua kuwa haidanganyi, siku moja ilinidanganya, na mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Kulikuwa na dada mmoja, Zaituni, mwenye duka la vitenge pale mjini. Babu yake alikuja Mpanda kufanya biashara toka Ujiji, baba yake akazaliwa hapa, na yeye vilevile. Alikuja kwenye kituo chetu kwa sababu ya siku zake: zilikuwa zinakuja zinapotaka, mara mwezi mmoja, mara zinapotea hata miezi minne, na mtoto alikuwa anamtafuta. Daktari wetu wakati ule alikuwa Daktari Kulwa, kijana mpole wa Kisukuma, msikivu, ambaye hakuwa na ile tabia ya kuandika dawa kabla mgonjwa hajakaa. Akataka apimwe homoni asubuhi, bila kula, akamtuma kwangu.

Nikamuuliza, "Umefunga?"

"Nimefunga, mama," akasema, akatoa ufunguo kwenye pochi akauweka mezani. "Nimefunga duka tangu jana jioni, sijapitia hata kulifungua."

Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia. Nilipomuuliza vizuri, umeweka nini mdomoni, akasema maji ya mswaki, na hayo ameyatema. Nikamzungusha maswali yangu yote, chai, pipi, karanga, dawa ya kikohozi, asali. Hakuna. Na mimi mtu akinidanganya najua.

Alipotoa ushungi ili ajipepee, niliiona shingo yake. Nyuma ilikuwa nyeusi, ngozi imekuwa nzito na laini kama kitambaa cha mahameli. Akaniona ninavyotazama, akaifunika haraka. "Hiyo nimeisugua mama, kwa dodoki, kwa ndimu, kwa mawe ya mtoni. Wifi yangu ananisema mchafu. Siku moja niliisugua mpaka ikatoka damu."

Nikamtuliza. Nikamwambia hata mimi ninayo, si nyeusi hivyo lakini ninayo, ni mkufu wa rozari tu unasugua. Yeye labda ni mkufu wa dhahabu. Akasema hajavaa mkufu tangu aolewe. Basi nikasema labda ni jua.

Nilimpima sukari hapohapo kabla ya kutoa damu ya homoni. Ilikuwa nzuri, nzuri kabisa, nikamuonyesha mashine kama mtu anayetoa zawadi. Nilitegemea atabasamu. Akakitazama kile kioo kwa chuki.

"Na mama yangu walikuwa wanamwambia hivyohivyo," akasema. "Nzuri. Mwaka unaofuata, nzuri. Nzuri tena. Halafu ghafla wakamwambia imepanda, na haikushuka. Baadaye wakamwambia mguu ukatwe. Nilimshika mkono wakati wanamwambia mguu. Mimi nataka mtu aniambie kabla ya mguu."

Nilimfunga mkono, nikatoa damu.

Kipimo chenyewe hatukuwa nacho. Damu tunaizungusha kwenye mashine, maji yake ya juu yanajitenga, tunayagandisha, tunayafunga kwenye sanduku la barafu na kuyapeleka na basi mpaka Mwanza, kwenye maabara kubwa. Daktari alikuwa ameomba homoni kadhaa za uzazi, na mwisho akaongeza moja, insulini. Mimi nilishangaa. Kwangu insulini ilikuwa sindano, ile wanayojidunga wenye sukari. Nikamuuliza, anatafuta nini insulini kwa mtu ambaye sukari yake nzuri?

Akanieleza hivi, na nyie kama mtasahau yote msisahau hili. Insulini ni homoni, inatengenezwa na kongosho, na kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini. Kuna watu ambao mwili wao umeanza kuwa mkaidi, hauiitikii tena. Kongosho halikubali kushindwa, linatoa insulini nyingi zaidi, na nyingi zaidi, na sukari inashuka kama kawaida. Ukipima sukari unaona nzuri. "Mama Skola," akaniambia, "si unajua gari la Sibwesa wakati wa masika? Linafika. Ukikaa stendi Mpanda utaliona linaingia, utasema barabara nzuri. Lakini waulize waliosukuma."

Hiyo insulini ndiyo waliosukuma. Inaweza kuwa juu miaka mingi kabla sukari haijapanda, na siku wanaosukuma wakichoka, ndipo mashine zetu za vidole zinapoona. Na ile ngozi nyeusi ya shingoni, akasema, mara nyingi inaletwa na insulini nyingi. Siyo uchafu, na dodoki haliwezi kuitoa.

Nilikaa kwenye kiti. Niliwaza wale wote niliowaonyesha kioo na kuwaambia nzuri, nenda kwa amani. Nilishtuka kiasi kwamba daktari aliniuliza kama naumwa.

Majibu yalikuja kwenye simu ya daktari. Homoni za uzazi zilikuwa zimepinda kidogo. Insulini ilikuwa juu sana.

Sasa hapa ndipo shida ilipoanza, maana insulini inapanda pia mtu akila. Ukinywa chai ya sukari asubuhi, inaruka. Nikasema labda safari imeiharibu. Daktari akakataa, akasema damu ikiharibika njiani homoni hii hupungua, haiongezeki. Basi kwa mtu aliyefunga kiasi kile ni kikubwa mno kwa umri wake, na sukari iko vilevile nzuri, na huku kwetu kila mtu anasema hajala. Mimi mwenyewe ndiye niliyemjaza daktari hadithi za matobolwa na asali mpaka akawa haamini mdomo wa mtu yeyote wa Katavi. Akamuita Zaituni, akamwambia kwa upole wote wa dunia, "Dada, nadhani siku ile ulikunywa chai. Haina neno. Tutarudia siku nyingine."

Zaituni hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alifunga ushungi wake taratibu.

"Nimekuja kuuliza kama nakufa kama mama yangu," akasema, "na jibu mnalonipa ni kwamba mimi mwongo."

Daktari akajaribu kusema hapana, si mwongo, ni Kiswahili tu, watu wanasema kula na wanamaanisha ugali. Zaituni akamwambia yeye Kiswahili amezaliwa nacho. Mimi nikasema, "Daktari, huyu nilimuuliza mimi." Nikamuona jinsi alivyoniangalia. Ananiheshimu, lakini na mimi nilikuwa mtu wa Katavi.

Zaituni alishafika mlangoni. Akageuka. "Mwezi mtukufu unaingia wiki ijayo," akasema. "Njoo unitoe damu kabla ya adhana ya magharibi. Kama siku hiyo nitakuwa nimekunywa chai, mwenye kunihukumu si wewe."

Daktari Kulwa alisimama. Alikuwa Mkristo kama mimi, lakini aliielewa hoja mara moja, na kwa hilo namvulia kofia. Alihesabu saa kwa vidole tangu daku mpaka magharibi, akasema zinatosha, zinazidi hata. Halafu akaongeza neno lake. Kipimo hiki, akasema, kila maabara inakisoma kivyake, na yeye anataka kwenye sanduku hilohilo iwepo damu ya watu wengine wawili, wazima, waliofunga vilevile, ili tujue Mwanza wanasoma vipi. Mmoja alikuwa Mzee Sefu, mlinzi wetu, mtu mwembamba ambaye kila siku anaendesha baiskeli kutoka shambani kwake. Alikwenda kwanza kumuuliza shehe wake kama damu ya kipimo inabatilisha saumu. Alirudi akasema haibatilishi, ila msichukue nyingi.

Wa pili nilijitolea mimi. Nani mzima kuliko mimi? Nilikuwa najidunga kidole kila mara tunapopata mashine mpya, kuwaonyesha wanafunzi, na kila mara nzuri. Uzito wangu ulikuwa wa mama wa kawaida, tumbo kidogo tu, la uzazi.

Ila Zaituni hakuniamini. "Wewe mama utakunywa chai," akasema. "Hutajua hata umekunywa." Na kweli, kikombe changu cha maabara kilikuwa hakikauki. Siku tuliyochagua ilikuwa Jumamosi, sina zamu, basi akaniamuru nikashinde naye dukani anilinde. Nilikula daku langu nyumbani mapema, ugali na maharage, nikapita kwake jua likiwa bado changa.

Nawaambia ukweli, kufunga na watu waliozoea ni aibu. Ilipofika saa nne mkono wangu ulikuwa unatafuta kikombe wenyewe. Saa sita kichwa kikaanza kugonga. Zaituni anakunja vitenge, anapatana bei, anawacheka wateja, mdomo mkavu, na mimi nimelala kwenye marobota kama mgonjwa. Wateja wakaniuliza, "Mama Umekula, leo vipi?" Zaituni akawajibu kwamba leo hajala. Walicheka mpaka wa duka la pili wakaja kuuliza kuna nini. Mara moja nilijifanya naenda chooni, nikanyoosha hatua kuelekea kwa mama ntilie. Alikuwa nyuma yangu. Hakusema kitu, alinyoosha kidole tu, nikarudi.

Mchana ule ndipo aliponisimulia habari za mama yake, kipande kwa kipande, huku anapima mita. Kwamba mama yake naye alikuwa na shingo hiyo, na yeye akiwa binti alimsaidia kuisugua bafuni kwa jiwe. Kwamba dada zake wadogo wawili wako Tabora na mmoja wao ameanza kuisugua ya kwake. Akaniuliza, ikiwa ni kweli insulini yake iko juu, je, kuna njia ya kujiokoa. Nilimjibu lile nililolisikia kwa daktari: si kila mwenye hii anafika kwenye sukari, lakini wengi wanaofika huko walipita hapa, na hapa mtu anaweza kugeuka. Kutembea kwa miguu, chakula, uzito. Akasema basi ngoja tujue.

Jioni tulikaa watatu kwenye benchi la maabara, Mzee Sefu ameshika tende tatu kwenye kiganja. Daktari alikuja mwenyewe kusimamia. Nilimtoa damu Mzee Sefu, nikamtoa Zaituni, na mimi nikatolewa na mwenzangu wa zamu. Sukari ya vidole tulipima palepale: Mzee Sefu nzuri, Zaituni nzuri, mimi nzuri kuwapita wote. Nilijipiga kifua. Adhana ikalia, Mzee Sefu akatugawia tende, moja moja. Tangu nizaliwe sijaonja kitu kitamu kama ile tende.

Sanduku likaenda na basi. Majibu yalipokuja, daktari alituita chumbani kwake sote, akafunga mlango, simu iko mkononi.

Akaanza na Mzee Sefu. Chini, safi, ya mtu wa baiskeli. Mzee akaitikia kwamba alijua, akaomba kurudi getini.

Kisha Zaituni. Juu. Ilikuwa karibu sawa na ile ya kwanza, na safari hii hakukuwa na mtu wa kusema chai. Daktari aliweka simu mezani. "Dada Zaituni," akasema, "ulisema kweli tangu siku ya kwanza, na mimi sikukuamini. Nisamehe." Zaituni alilia. Nikadhani ni hofu, nikamshika bega. Akatikisa kichwa. "Siyo hivyo mama. Nimeambiwa kabla ya mguu."

Mtataka kujua yukoje leo. Alianza kutembea kwa miguu kutoka kwake Makanyagio mpaka dukani, mwanzo akiona haya, watu wanauliza kama duka limefilisika. Soda aliacha. Chai ya sukari aliacha kwa shida, na ugali aliupunguza ukawa ngumi moja, mboga ndiyo ikajaa sahani. Mumewe alinuna, akazoea. Shingo imepungua weusi bila dodoki. Mtoto bado, anaendelea na daktari, ingawa siku zake sasa zinakuja kwa utaratibu. Anapimwa kila mwaka, na sukari yake haijavuka. Dada zake wa Tabora amewatuma wakapimwe wote wawili. Simsemei ya kesho, daktari mwenyewe hasemi, lakini mwaka hadi mwaka wanaosukuma wanapumzika kidogo.

Lakini sijamaliza habari za kile chumba.

Nilishanyanyuka kwenda kumletea Zaituni maji. Daktari akasema, "Mama Skola, kaa kwanza." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikasema nakuja. Akasema, "Kaa."

Ya kwangu ilikuwa juu kuliko ya Zaituni.

Nilicheka. Nisingeweza kufanya kitu kingine. Nikamwambia amesoma jina vibaya, chupa zimebadilishana. Akanionyesha. Nikamwambia sukari yangu nzuri, si umeiona, nzuri kuwapita wote. Nilipolisema hilo nililisikia likitoka mdomoni mwangu, na nilijua linakokwenda. Mkono wangu ulikwenda wenyewe shingoni, kwenye rozari, na chini ya rozari. Miaka yote hiyo nilikuwa naulaumu mkufu. Nyie mnaonisoma, mimi leo nameza vidonge asubuhi na jioni, sukari yangu ilivuka mwaka niliostaafu, kwa sababu umri wangu ulikuwa umeenda na mimi niligeuka nimechelewa. Lakini siku ile nilikuwa sijui hayo. Nilikuwa nimekaa tu kwenye kiti cha mgonjwa, upande ambao sijawahi kukaa.

Daktari Kulwa alinisogelea. Alikuwa na uso wa huruma, ule uso wa kumtuliza mtu ili aseme ukweli. Niliujua. Mimi ndiye niliyemfundisha.

"Mama," akasema polepole, "Jumamosi ile ulishinda mjini. Wewe na chai mnajuana. Hata kikombe kimoja?"

Nilifungua mdomo nimwambie, na neno lililokuwepo ni lilelile moja, lile nililowacheka nalo watu wa Sibwesa na Litapunga na Karema maisha yangu yote. "Sijala," nikasema. Likatoka dogo, kama la uongo kabisa. Hata mimi nisingejiamini.

Zaituni alifuta macho kwa ncha ya ushungi.

"Hajala, daktari," akasema. "Nilikuwa naye."